Musimu na Samumu: Misafara ya Jangwani na Majira ya Upepo

Neno musimu, ambalo siku hizi aghalabu huandikwa msimu, lilifika pwani yetu pamoja na majahazi. Asili yake ni neno la Kiarabu mawsim, maana yake wakati uliotiwa alama. Na kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi alama hiyo ilikuwa upepo. Kaskazi ikivuma, vyombo vilikuja kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ikishika, vilirejea kwao. Kusi ilipofikia ukali wake, katika Juni na Julai, bahari ilifungwa, na nahodha mwenye akili alikuwa amekwisha kukipandisha chombo chake ufukoni, akikipaka sifa na shahamu huku akingoja. Hakuna aliyemwita nahodha huyo mwoga.

Neno la pili, samumu, si wengi kwetu walitumialo; walakini kila mtoto amjua ndugu yake, maana limetoka katika shina moja na neno sumu. Samumu ni upepo wa moto wa jangwani, ule ukaushao mate kinywani na maji ndani ya kiriba, na mara nyingi huja umebeba mchanga na vumbi. Qurani imeutaja, na wasafiri wa Kiarabu na wa Ulaya wameueleza kwa hofu moja. Baina ya maneno haya mawili pana historia nzima ya safari za jangwani. Kwa kuwa mtu akitazama kwa makini jinsi majangwa ya Afrika na Arabuni yalivyovukwa, ataona kwamba ujasiri, ambao vitabu vingi vimeusifu, ulikuwa na sehemu ndogo kuliko kalenda. Waliovuka salama aghalabu ni wale waliojua kungoja. Hapo ndipo lizukapo swali ambalo lahitaji kuulizwa zaidi kuliko lilivyoulizwa: katika msafara, ni nani aliyekuwa na uwezo wa kungoja, na ni nani asiyekuwa nao?

Kwanza yafaa tujue dhoruba ya mchanga yaua kwa namna gani, maana jambo hili limefunikwa na hadithi. Mgiriki Herodotus, aliyeandika katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alisimulia kwamba Cambyses, mfalme wa Uajemi, alipokwisha kuitwaa Misri alipeleka askari 50,000 kutoka Thebes waende kuwaangamiza Waamoni, wakaao katika oasisi ya Siwa. Walifika oasisi ya kwanza kwa mwendo wa siku saba. Kisha, walipokuwa mbele zaidi wakila chakula chao, upepo mkali wa kusini ukavuma ukawafukia wote, wala hakuna aliyerudi kueleza. Hadithi hii imewatoa watu wengi majumbani mwao, wakaenda jangwani na majembe kutafuta mifupa ya jeshi hilo, na hata leo haijapatikana. Mwaka 2014 Mholanzi Olaf Kaper wa Chuo Kikuu cha Leiden alitoa rai kwamba jeshi lile halikufukiwa na mchanga hata kidogo, bali lilishindwa vitani na mwasi wa Kimisri aliyeitwa Petubastis, na kwamba habari ya upepo ilikuwa sitara njema ya aibu ya mfalme. Mimi naona rai hii ina nguvu. Upepo hauna wakili. Mtu aweza kuubebesha lawama yoyote.

Herodotus huyo huyo ametuachia hadithi nyingine fupi ambayo yaniridhisha zaidi, ingawa nayo yachekesha. Kabila moja la Libya, jina lao Psylli, waliona upepo wa kusini umeyakausha maji yote katika mabirika yao. Wakafanya shauri, wakatoka na silaha kwenda kupigana na upepo. Walipoingia penye mchanga upepo ukavuma ukawazika. Mwisho wa kisa ni ngano, lakini mwanzo wake ni kweli tupu: kilichowaangamiza watu hao kilianza katika mabirika ya maji.

Aliyekuja kulithibitisha jambo hili kwa vipimo ni Ralph Bagnold, mwanajeshi na mhandisi wa Kiingereza, ambaye alizunguka Jangwa la Libya kwa motokaa kabla ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1941 akatoa kitabu juu ya fizikia ya mchanga unaopeperushwa na upepo. Bagnold alitenga mambo mawili ambayo wasafiri walikuwa wakiyachanganya, mchanga na vumbi. Punje ya mchanga ni nzito; upepo ukiipiga huruka, huanguka, na kwa kuanguka huirusha nyingine, na kwa hiyo sehemu kubwa ya mchanga husafiri karibu na ardhi, kama zulia linalotembea. Mtu aliyesimama katika dhoruba ya mchanga halisi aweza kuwa na miguu iliyozama katika wingu na kichwa kilicho juani. Vumbi ni jambo jingine. Vumbi hupanda mamia na maelfu ya mita, hulizuia jua, na laweza kukaa angani siku kadhaa hata upepo ukishatulia.

Basi hakuna kati ya hivi viwili kimzikacho mtu aliye hai na mwenye nguvu za kusimama. Kimwuacho ni hesabu. Dhoruba hufuta nyayo, huficha nyota, huficha kilima ambacho kirongozi alikitazamia. Ngamia hupiga magoti na kugeuza migongo, wala hawaendi. Msafara husimama, lakini unywaji wa maji hausimami, nao upepo wa moto hunyonya katika viriba sehemu yake usiyoalikwa. Msafara uliobeba maji ya siku kumi kwa njia ya siku kumi hauna siku ya dhoruba. Ndiyo sababu wazee wa jangwani waliuliza kwanza mwezi, kisha njia.

Na kila jangwa lina mwezi wake. Katika Misri pepo za khamsini huvuma majira ya kuchipua, na jina lake ni hamsini hii hii tuhesabuyo sisi, kwa kuwa wenyeji waliziweka ndani ya siku 50. Edward Lane, ambaye kitabu chake juu ya desturi za Wamisri kilitoka mwaka 1836, aliandika kwamba kwa hesabu ya watu wa Kairo kipindi hicho kilianza siku ya pili ya Pasaka ya Wakopti kikaisha siku ya Pentekoste. Katika Sudani kuna habubu, ukuta wa vumbi usukumwao na hewa ya baridi iangukayo kutoka mawingu ya mvua, nao huja zaidi baina ya Mei na Septemba. Katika Iraki na Ghuba shamali hukazana Juni na Julai. Upande wa magharibi wa Sahara, harmatani huanza Novemba na kuendelea mpaka Machi, ikibeba vumbi jingi kutoka bonde la Bodélé huko Chadi hata watu wa mwambao wa Guinea hulipiga chafya. Mwenye kutaka kuvuka kutoka jangwa moja hadi jingine huwa kama mtu apitaye nyumba yenye milango inayofungwa kwa zamu.

Sasa tumtazame msafiri mmoja ambaye sisi wa pwani twamjua. Ibn Battuta wa Tangier, aliyezuru Mombasa na Kilwa yapata mwaka 1331, alikuja kwetu kwa upepo wa musimu na akaondoka kwa upepo wa musimu. Miaka ishirini baadaye, alipokusudia kwenda nchi ya Mali, alifika Sijilmasa, mji uliokuwa mlango wa Sahara upande wa Maroko. Na huko hakufanya haraka. Alinunua ngamia akawalisha miezi minne. Akatoka na msafara wa wafanyabiashara siku ya kwanza ya Muharram 753, yaani tarehe 18 Februari 1352. Miezi hiyo ya kulisha ngamia wasomaji huipita bila kuitazama, kwa kuwa haina kisa. Lakini kwangu mimi ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Alipumzika wakati wa baridi, ngamia wakanona, na mwezi alioutoka ulimwacha na muda wa kufika upande wa pili kabla joto halijafikia kilele chake.

Baada ya siku 25 walifika Taghaza, kijiji kibaya ambacho nyumba na msikiti wake vilijengwa kwa mawe ya chumvi na kuezekwa kwa ngozi za ngamia. Walikaa siku kumi wakiteka maji, nayo maji yenyewe yalikuwa ya chumvichumvi. Mbele ya hapo walibahatika, wakakuta madimbwi yaliyoachwa na mvua, watu wakanywa na kufua nguo. Jangwa hilo, asema, lilikuwa na chawa wengi mno, hata watu wakavaa shingoni nyuzi zenye zebaki ili kuwaua. Mtu mmoja katika msafara aligombana na binamu yake, akabaki nyuma kwa hasira, na hakuonekana tena. Tangu siku hiyo Ibn Battuta hakutangulia msafara wala hakuchelewa nyuma yake.

Kisha wakafika kisima cha Tasarahla, na hapo ndipo palipokuwa na sehemu ya hatari. Misafara ilipumzika siku tatu, ikashona na kutengeneza viriba, ikavifunga kwa magunia kuvikinga na upepo. Ikamkodi mtu wa kabila la Massufa, aliyeitwa takshif, atangulie peke yake mpaka Walata akiwa na barua za wasafiri kwa rafiki zao, ili hao watoke na maji mwendo wa siku nne kuulaki msafara. Takshif akipotea, Walata hawatajua kwamba kuna watu jangwani, na msafara wote huweza kufa. Msafara wa Ibn Battuta ulimlipa takshif wake mithkali 100 za dhahabu. Naye alikuwa chongo, na jicho la pili lilikuwa gonjwa, lakini hakuna aliyeijua njia kama yeye. Ibn Battuta alieleza kwa nini ujuzi huo ulikuwa ghali. Hapakuwa na njia wala alama, ila mchanga upeperushwao na upepo. Utaona vilima vya mchanga mahali, kisha uvione vimehamia mahali pengine. Walisafiri baada ya alasiri na usiku kucha, wakatua asubuhi. Usiku wa siku ya saba wakaiona mioto ya watu waliotoka kuwalaki. Walifika Walata katika Aprili, miezi miwili kamili tangu Sijilmasa, na joto la mji huo lilikuwa limekwisha kuanza kuwachoma.

Huu ni mpango, tena mpango wenye sehemu nyingi: mwezi uliochaguliwa, ngamia walionona, viriba vilivyofungwa, mwendo wa usiku, mjumbe aliyelipwa vema, na akiba ya maji itokayo upande wa pili. Upepo wenyewe haukuondolewa. Uliwekwa ndani ya hesabu.

Msomaji atauliza kama wavukaji wa Sahara walikimbia vumbi daima. La, na hapa jambo lenyewe lina utata wa kufundisha. Misafara mikubwa ya chumvi, iitwayo azalai, ambayo kwa karne nyingi ilikwenda kutoka Timbuktu mpaka machimbo ya Taoudenni, njia ya kilomita 700 hivi, ilitoka hasa mwanzoni mwa majira ya baridi, katika Novemba. Na ile ya Watuareg wa Aïr, iliyokwenda Bilma kwa kuvuka Ténéré, ilitoka Oktoba na Novemba. Mwanzoni mwa karne ya 20 msafara mmoja wa Bilma uliweza kuwa na ngamia 20,000 hivi. Basi miezi hiyo ndiyo ya kuanza kwa harmatani! Watu hao waliingia katika vumbi kwa kusudi. Sababu yao ni njema. Mvua za Julai mpaka Septemba zimewapa ngamia majani, hewa imepoa, ngamia wa majira ya baridi aweza kwenda siku nyingi bila kunywa, ambapo yule wa kiangazi hudai maji kila baada ya siku chache, na mtu naye hunywa kidogo. Walipima mabaya mawili, wakachagua vumbi badala ya kiu, kwa kuwa vumbi huchelewesha na kiu haicheleweshi. Hata hivyo walibeba chakula cha ngamia, manyasi yaliyofungwa mafungu, wakayaacha mengine njiani kwa ajili ya kurudi.

Hesabu hiyo iliweza kushindwa. James Grey Jackson, mfanyabiashara Mwingereza aliyekaa Maroko, aliandika mwaka 1809 habari za msafara uliotoka Timbuktu kwenda Tafilelt mwaka 1805 ukakuta maji hayapo mahali yalipozoeleka. Wakafa watu 2,000 na ngamia 1,800. Idadi hizi ni za mtu aliyesikia, lakini namna ya kifo yafanana na yote tunayoyajua. Wala wafanyabiashara hawakufuata kanuni kila mwaka. Mwingereza W. G. Browne aliondoka Asyut pamoja na msafara wa Darfur mwishoni mwa Mei 1793, joto likiwa juu, akafika Darfur katika Julai. Njia hiyo yaitwa Njia ya Siku Arobaini, naye aliitembea kwa karibu miezi miwili. Bidhaa na amri za watawala zilikuwa na kalenda yao, na si mara zote kalenda hiyo ilipatana na ile ya upepo.

Hata Waingereza waliolivuka Rub al-Khali, jangwa kuu la kusini ya Arabuni, ambao magazeti ya kwao yaliwafanya mashujaa, walipita katika mlango mmoja. Bertram Thomas alitoka Dhofar tarehe 10 Desemba 1930, akafika Doha Februari 1931. St John Philby alianza Hofuf Januari 1932 akamaliza Machi. Wilfred Thesiger, katika safari zake za baina ya 1946 na 1948, naye alivuka katika majira ya baridi. Hawakukutana kupanga miezi hiyo. Waliambiwa na mabedui waliowaongoza, na kwa Thomas jina la kiongozi huyo, Salih bin Kalut wa kabila la Rashid, lastahili kuandikwa kando ya lake.

Lakini kuijua miezi ya upepo kwahitaji kalenda ifuatayo jua, na hapa Waislamu walikuwa na tatizo ambalo sisi wa pwani twalijua vizuri. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi mwandamo; ni mfupi kwa siku 10 au 11 kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Ramadhani na Hija huzunguka majira yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Upepo hauzunguki. Ndiyo maana wazee wetu, waliosali na kufunga kwa mwezi mwandamo, walisafiri kwa Nairuzi, mwaka wa siku 365 waliouhesabu kwa miongo, makumi ya siku. Na mwanamaji mashuhuri Ahmad ibn Majid, katika kitabu chake cha mwishoni mwa karne ya 15, alizitaja siku za kung'oa nanga kwa kuhesabu tangu Nairuzi. Sherehe ya Mwaka huko Makunduchi ni baki la elimu hiyo, ingawa wengi wanaokwenda kuitazama huona ngoma tu na mapigano ya migomba. Misri nako Waislamu walizihesabu siku za khamsini kwa Pasaka ya Wakopti, na hawakuona aibu. Pasaka yenyewe husogea, lakini haitoki katika majira ya kuchipua. Dini iliwapa watu tarehe za ibada. Tarehe za upepo walizitafuta palipokuwa na hesabu ya jua, hata kama ilikuwa katika kanisa la jirani.

Hujaji ndiye asiyeweza kufanya hivyo. Mfanyabiashara ana musimu, hujaji ana faradhi. Arafa ni siku ya tisa ya Dhul-Hijja, iwe ni baridi au ni samumu. Msafara wa Sham, aliosafiri nao Ibn Battuta kutoka Damasko mwanzoni mwa Septemba 1326, ulipumzika siku nne Tabuk ukinywesha ngamia na kuteka maji, kisha ukakimbia usiku na mchana kuipita nyika iliyoko baina ya Tabuk na al-Ula. Katikati yake ni bonde la al-Ukhaydir, alilolifananisha na bonde la Jahanamu. Alisema kwamba mwaka mmoja mahujaji walikumbwa hapo na samumu. Maji yakakauka, na bei ya kinywaji kimoja ikapanda hadi dinari 1,000, kisha wakafa wote wawili, aliyenunua na aliyeuza. Kisa hicho kilikuwa kimechongwa juu ya jiwe bondeni. Watawala wa Kiislamu walilijua tatizo, wakalijibu kwa namna iliyowezekana: kwa kuwa mwezi hausogezwi, walisogeza maji. Walichimba visima na kujenga mabirika vituo kwa vituo, na kazi ya Zubayda, mke wa Harun al-Rashid, katika njia ya kutoka Kufa mpaka Makka, ilibaki na jina lake: Darb Zubayda.

Wako na wengine wasioweza kungoja, nao hawakuwa na faradhi wala faida. Ibn Battuta aliporudi kwao, alitoka Takedda tarehe 11 Septemba 1353, tena katika wakati uliochaguliwa vema, akafika Sijilmasa katika Desemba. Alisema kwa sentensi moja tu kwamba ndani ya msafara huo walikuwamo wanawake watumwa 600. Hakuongeza neno. Tarehe njema iliyomkinga yeye iliwahusu wao pia, kwa kuwa mali iliyokufa njiani haina bei. Lakini kinga hiyo ilikoma pale hesabu ya mwenye mali ilipokoma. Dixon Denham, mmoja wa Waingereza waliotumwa Borno, alitoka Murzuk mwishoni mwa Novemba 1822, mwezi ambao kirongozi yeyote angeuchagua. Penye kisima cha Meshru, katika Desemba, alikuta mifupa ya watu zaidi ya 100 imezunguka maji. Walikuwa watumwa, na waliokuwa naye hawakustuka. Aliambiwa kwamba walitolewa Borno bila chakula cha kutosha. Watu hao walifika penye maji. Upepo haukuwa na hatia. Wengi wetu tumezoea kusoma misafara kama kwamba ni kitu kimoja chenye akili moja, kumbe ndani ya msafara mmoja walikuwamo watu waliopangiwa akiba na watu waliokuwa wao ndio akiba.

Elimu ya upepo imekua sana tangu siku za takshif mwenye chongo. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilianzisha mwaka 2007 mpango wa kutabiri dhoruba za mchanga na vumbi, na leo mawingu ya vumbi hutabiriwa siku kadhaa kabla ya kufika. Hata hivyo kujua na kuambiwa ni mambo mawili. Tarehe 24 Aprili 1980 Wamarekani walirusha helikopta nane kuingia jangwa la Uajemi kwenda kuwaokoa mateka wao wa Tehrani. Waliotunga mpango walikuwa wakihesabu urefu wa usiku, ambao ulikuwa ukipungua kila wiki, kwa hiyo hawakutaka kungoja zaidi. Njiani marubani waliingia katika vumbi lililoning'inia hewani, ambalo hawakuonywa juu yake. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba wataalamu wa hali ya hewa walikuwa wameliandika katika hati za mpango, lakini habari haikuwafikia wenye kushika usukani. Helikopta moja ilikuwa imekwisha kuachwa kwa hitilafu, nyingine ikarudi kwa sababu ya vumbi, ya tatu ikafika mbovu. Zilihitajika sita, zikabaki tano. Safari ikavunjwa, na katika kuondoka helikopta ikagonga ndege iliyokuwa chini, wakafa watu wanane. Takshif alikwenda yeye mwenyewe na habari zake kichwani. Hapa habari zilikwenda katika karatasi.

Na hujaji bado hana musimu. Hija ya mwaka 2024 iliangukia katikati ya Juni. Joto la Makka lilifika nyuzi 51.8, na wakafa watu zaidi ya 1,300. Serikali ya Saudia ilieleza kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa mahujaji wasio na kibali, waliotembea mbali juani bila hema wala kivuli. Mahema yenye ubaridi yalikuwapo, yamehesabiwa kwa wenye vibali.

Katika Niger, ambako azalai ya Bilma ilipita, watu wa Afrika Magharibi waendao Libya na Algeria walizoea kusafiri kwa malori na magari madogo. Mwezi Oktoba 2013, mwezi ule ule ambao misafara ya chumvi iliuona kuwa salama, zilipatikana maiti 92 karibu na mpaka wa Algeria, wengi wao wanawake na watoto, waliokufa kwa kiu baada ya magari kuharibika. Mwaka 2015 Niger ilipitisha sheria ya kuwaadhibu wasafirishaji wa wahamiaji, na Nchi za Ulaya zikaiunga mkono. Kabla ya hapo, magari mengi yalitoka Agadez pamoja kila wiki yakifuatana na msafara wa askari, kwa njia yenye visima. Sheria ilipoanza kutekelezwa, madereva waliyakimbia mabarabara na visima kwa kuwa penye maji palikuwa na doria. Wakaenda usiku, kila mmoja peke yake, katika mwezi wowote ambao abiria alikuwa amelipa. Dereva aliyeona taa za askari aliweza kuwashusha watu mchangani akageuza gari. Serikali ya kijeshi iliifuta sheria hiyo Novemba 2023, na magari yakarudi kutoka Agadez kwa makundi, nyuma ya askari, kwa siku iliyopangwa na jeshi.